Handaki la Entarara Nililizeesha Mimi

Ninyi mliowahi kupelekwa Entarara na shule, mkasimama ndani ya handaki la vita mkapiga picha, nisikilizeni kidogo. Ule ubao uliooza mliouegemea niliuozesha mimi. Kutu ya ile seng'enge ilitoka kwa siki, chumvi na jua la siku mbili. Na Sajini Kiilu, ambaye msalaba wake ulikuwa wa tatu kutoka kushoto na mkamwinamishia vichwa dakika nzima, yuko hapa Kitengela anauza mitungi ya gesi, na kinachomsumbua ni presha na goti tu.

Sitangulizi aibu. Nilikuwa fundi mzuri. Kazi yangu ingekuwa mbaya, hakuna mtu angedanganyika, na leo ningekuwa nimekaa zangu bila kitu cha kuwaambia.

Kwa miaka karibu thelathini kazi yangu ilikuwa kuzeesha vitu. Filamu ikija kupigwa huku kwetu, iwe ya watu wa nje au ya wenyeji, karibu kila kitu hununuliwa kipya dukani. Sasa shati jipya huwezi kumvalisha askari aliyelala porini miezi minne. Lazima mtu akae na lile shati, alitese, mpaka yeyote akiliona aamini limelala porini. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sikuingia kazini kama fundi. Niliingia kama mfuaji. Nilikuwa msichana aliyetoka Makueni kutafuta kazi Kitengela, na mtu wa kanisani akaniambia kuna watu wa filamu wanataka mama wa kufua. Siku ya kwanza nikapewa rundo la sare thelathini za askari. Zilikuwa chafu, ewe, chafu ya kutisha. Kola nyeusi, magoti yametoboka, jasho limeganda kwapani. Nikasema leo hawa watu watanijua. Nikaziloweka, nikazisugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka, nikazianika, nikazipiga pasi ya makaa, kila suruali na mstari wake wa mbele. Hata matundu ya magoti niliyashona.

Saa kumi akaja Fundi Wanjala. Huyu alikuwa Mluhya mwembamba, zamani alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na wakati huo ndiye aliyekuwa anazeesha vitu kwa filamu zote zilizopita upande huu. Zile sare alikuwa amezichafua kwa mkono wake wiki mbili nzima. Akazitazama zikipepea kwenye kamba, safi kama za wanakwaya. Nilingoja matusi. Yeye akavuta ndoo, akaikalia.

"Dada," akaniuliza, "hizi umezifua na nini?"

"Sabuni ya mche, fundi. Na mikono."

"Zimetakata kweli." Akalivuta shati moja karibu. "Basi wewe ndiye unajua uchafu wao ulikuwa wapi. Kesho utaurudisha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Niliurudisha kwa siku nne bila kulala vizuri, na tangu hapo sikufua tena nguo ya filamu.

Wanjala alinifundisha jambo moja ambalo nawapa bure. Kitu hakizeeki kila mahali sawasawa. Kinazeeka pale mkono unaposhika, pale goti linapogusa chini, pale mvua inapodondokea. Mwanafunzi mvivu hupaka uchafu kote kama anapaka nyumba chokaa, na jicho la mtazamaji linakataa hata kama mwenyewe hajui kwa nini. Kitako cha bunduki hung'aa upande wa shavu. Mkoba husuguka upande mmoja tu, upande wa nyonga. Kola ya shati utaipata kwa samli kidogo na masizi, uipake kwa kidole gumba, si kwa brashi. Nguo nyeupe uipike kwa chai ya rangi. Mbao mpya uipake siki iliyolowekwa ile sufi ya chuma ya kuoshea sufuria. Ukiamka asubuhi imekuwa kijivu kama nguzo ya boma la babu yako.

Na udongo, jamani, udongo. Mara moja nilipaka viatu vya askari udongo mweusi wa hapa Kitengela kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Wanjala akaokota kiatu kimoja, akakinusa. "Huyu askari alikuwa anapigania wapi? Kwa kina mama mboga wa hapa stendi?" Kuanzia siku hiyo kila tukienda mahali, kwanza nilichota karai moja la udongo wa pale pale.

Leo mambo mengi yanafanywa kwa kompyuta. Kijana anakaa Nairobi anabonyeza, ukuta unaota ukungu. Sina ugomvi naye. Ila namshauri aende ashike ukuta wenye ukungu kwanza.

Sasa tufike Entarara. Ni miaka kama kumi na mitano imepita. Wanjala alikuwa amekwisha fariki na mimi ndiye nilikuwa mkubwa wa idara, niko na wasaidizi wanne. Ikaja filamu ya vita vya kwanza vya dunia, wakati Mwingereza alikuwa huku na Mjerumani yuko ng'ambo ya mpaka, Tanzania ya leo. Hadithi ilikuwa ya maafisa wawili wa Kizungu waliokuwa marafiki kabla ya vita. Waafrika walikuwemo pia: askari wachache, na wapagazi, wale watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi. Wapagazi walikuwa wanapita nyuma.

Tukachimba handaki kule chini ya mashamba ya mahindi, urefu wake kama kutoka kanisani mpaka barabarani. Tukaweka mbao ukutani, magunia ya mchanga juu, seng'enge mbele. Kando yake makaburi kumi na mawili yenye misalaba. Mwongozaji alitaka kamera ipite karibu sana na misalaba, kwa hivyo ikabidi iwe na majina. Hakuna aliyeniletea orodha ya majina. Nikachukua patasi, nikachonga majina ya watu wetu wa kazi. Kiilu alikuwa dereva wa lori letu, akawa sajini. Mpishi wetu akawa koplo. Kulikuwa na kicheko hapo, nawaambia. Kiilu alijilaza juu ya kaburi lake akala muhindi wa kuchoma.

Wenyeji walikuja kutazama, na mmoja wao alikuwa bibi Mmaasai aliyepita miaka themanini, Kokoo Nasieku. Kokoo ni bibi kwa Kimaasai. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake kidogo pembeni, fimbo magotini, anatazama kama mtu anayekagua kazi. Siku ya tatu akaniita, akaniongelesha kwa Kiswahili cha polepole.

"Wewe ndiye unafanya vitu viwe vya zamani?"

"Ndiyo, Kokoo."

"Hiyo shimo, ni ya nini?"

Nikamweleza kwamba ni ya askari kujificha risasi.

"Hapa hakuna mtu alichimba shimo," akasema. "Mama yangu aliona vita. Vita ilikuwa watu wanapita. Wamebeba. Wanapita siku nyingi. Wengine hawakupita, walibaki." Akanyoosha fimbo kuelekea wale wapagazi wetu wa kuigiza waliokuwa wanavuka mbele ya kamera na masanduku vichwani. "Na hawakutembea hivyo. Hawa wanatembea kama wanaenda soko ya Kimana kununua kitunguu."

Alisema kweli. Masanduku yale niliyatengeneza mimi, na ndani hayakuwa na kitu. Nikaona haya. Kesho yake nikatia mawe ndani ya kila sanduku, na kweli watu wakabadilika. Shingo zikaingia mabegani, miguu ikaanza kutafuta njia, na hakuna aliyekuwa anaongea. Mpiga picha alifurahi mno. Wapagazi wakalalamika, haki yao, wakatoa mawe saa ya chakula. Ile sehemu yenye mawe haikuingia kwenye filamu, iliyoingia ni ile ya kwenda soko. Nilikwenda pia kwa msimamizi wa kazi, nikamwambia bibi anasema hapa hapakuwa na handaki. Akanijibu, si kwa ubaya, kwamba mtazamaji asipoona handaki hataamini hii ni vita. Nikarudi nikaendelea kuzeesha handaki.

Siku ya mwisho desturi ni kubomoa. Unafukia ulichochimba na kurudisha ardhi kama ulivyoikuta. Lakini lori lilitakiwa Amboseli, na mwenye shamba akasema liacheni, litanifaa, nalipenda. Nilisimama nikalitazama. Lilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikasema sawa, libaki. Nilifurahi libaki. Hilo ndilo naungama kwenu.

Filamu ikaonyeshwa. Kwa miaka mingi ilikuwa inarudiwa kwenye televisheni kila sikukuu, mkaiona mkiwa watoto, kisha mkaanza kuitazama kwenye simu. Mimi nikastaafu, nikafungua kibanda cha kukodisha viti na mahema. Nikasahau.

Mwaka jana mjukuu wangu Mwikali, yuko kidato cha pili, akaja na daftari. "Susu, nimeongoza darasa kwa insha ya historia." Susu ni mimi, ndivyo Wakamba tunavyoitwa na wajukuu. Nikamwambia nisomee. Akaanza kusoma habari za Sajini Kiilu, shujaa wa Kamba, aliyeshikilia handaki la Entarara peke yake usiku na mchana mpaka wenzake wakaokoka. Mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: vizuri sana.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwikali akakasirika.

"Susu, si kitu ya kucheka. Tulienda, tukaona kaburi. Na kwa filamu yuko."

"Kwa filamu ulioonekana ni msalaba wake tu."

"Kwani msalaba unawekwa bure?"

Hapo kicheko kikaniisha. Mtoto ana akili, ameuliza swali la akili, na jibu lake ni mimi.

Nilimpigia Kiilu simu. Jumamosi tukapanda pikapu yake, tukapita Kajiado, tukashika njia ya kwenda Loitokitok, yeye njia nzima anauliza kama mtu akifa mara mbili hulipiwa matanga mara mbili. Tulipofika Entarara hakuuliza tena. Kulikuwa na lango la mbao, kibao kimeandikwa Handaki la Mashujaa, na kikundi cha wageni kumi hivi kutoka Rongai. Mwongoza wageni alikuwa binti wa hapo, Sanaipei, kama miaka ishirini na mitano, sauti yake imetulia na anajua kusimama mahali mwanga unapomwangukia. Tukaingia na kikundi.

Aliongea vizuri mno. Alionyesha wapi risasi zilipiga ubao, na matundu yale niliyatoboa mimi kwa msumari wa moto. Kisha akatupeleka kwa misalaba, akataja Sajini Kiilu, akaomba tunyamaze kidogo. Wageni wakainamisha vichwa. Mama mmoja akafuta macho. Kiilu akavua kofia, akainama mbele ya kaburi lake. Nilidhani atacheka, lakini alibaki ameinama mpaka mgeni wa mwisho alipoinua kichwa.

Sikusema kitu mbele ya wageni. Walipoondoka nikamwita Sanaipei kando, nikamwambia mimi ni nani na huyu mzee mwenye kofia ni nani.

Hakunipandishia sauti. "Mama," akasema, "nimekuwa hapa miaka minne. Hii ndiyo kazi yangu. Unaniambia nini?"

"Nakuambia nililijenga."

"Watu wengi wanasema vitu. Niko na vitabu vya wageni, watu wameandika babu zao walikufa hapa."

"Njoo."

Nikashuka ndani ya handaki, goti moja baada ya lingine, nikahesabu mbao kutoka kona. Wanjala alinifundisha kuweka jina langu upande usioonekana. Kiilu akaleta bisibisi. Skrubu zenyewe zilikuwa za kichwa cha nyota, ambazo wakati ule wa vita hazikuwepo, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyezitazama. Tukafungua ubao, tukaugeuza. Nyuma mbao ilikuwa njano bado, safi, na kwa kalamu ya seremala imeandikwa jina langu na jina la filamu.

Sanaipei akasoma, akasoma tena. Akaketi kwenye gunia la mchanga.

"Nilikuwa darasa la tano nilipoona hiyo filamu," akasema. "Ilipigwa nyumbani kwetu, unaelewa? Kila mtu alikuwa anatafuta ng'ombe wake nyuma ya askari. Halafu nikija hapa, ni vilevile. Ubao ni ule ule. Nilidhani mlilikuta hapa, mkalipiga picha tu. Ningejuaje?"

"Hungejua. Nilifanya usijue."

"Jumatatu kamati inakuja na simiti. Tunataka kuondoa misalaba ya mbao tujenge ya kudumu, na majina." Akanitazama. "Kwa hivyo hakuna vita ilikuja hapa?"

Hapo ndipo niliposema yale niliyopaswa kuyasema miaka kumi na mitano iliyopita. "Ilikuja. Kulikuwa na bibi mmoja, Kokoo Nasieku, aliniambia."

 Kokoo Nasieku alikuwa amefariki, lakini mwanawe, Mzee Parsaloi, boma lake lilikuwa hapo chini karibu na kijito. Sanaipei alimfahamu vizuri. Tulienda alasiri hiyo hiyo, na nitawafikisha huko, ila kwanza niwamalizie habari ya Jumatatu, maana ndiyo mnaniuliza kila mara.

Kamati ilikutana pale pale kando ya misalaba, mifuko ya simiti imepangwa. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mtu wa heshima zake. Sanaipei ndiye aliyesimama akaeleza, mimi nikaonyesha ubao. Watu wakaupitisha mkono kwa mkono. Mmoja akasema, "Lakini si tumeona kwa filamu?" Akasema kama mtu anayetoa ushahidi, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Mwingine akasema mimi nimetumwa na watu wa Kimana wanaotaka wageni wapelekwe kwao.

Kiilu akasimama. "Wazee, mimi ndiye marehemu," akasema, akatoa kitambulisho.

Watu walicheka, na kicheko kilisaidia. Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alikuwa ameukalia mfuko wa simiti, ubao wangu magotini.

"Mama," akaniambia, "hii nimeifundisha miaka kumi. Niliwaleta watoto hapa kwa miguu."

 Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Nikamwambia pia kwamba wale watoto hakuwadanganya yeye, walidanganywa na mkono wangu, na mkono wangu uko hapa tayari kufanya lolote watakaloamua. Akaugeuza ubao magotini, akaugeuza tena. Mwishowe akasema simiti itaenda kwenye choo cha shule, ambacho kilikuwa kinaihitaji kuliko Kiilu.

Misalaba iliondolewa. Handaki lilibaki, na Sanaipei ndiye aliyelitetea: filamu nayo ni jambo lililotokea Entarara, alisema, watu waone jinsi inavyotengenezwa. Siku hizi anawafungulia wageni ule ubao na kuwaonyesha skrubu. Baadhi yao hawapendi. Kuna jamaa alimwambia usiniharibie picha. Na bado kuna watu pale Loitokitok watakaokusimulia Sajini Kiilu ukiwauliza njia. Kitu nilichokitengeneza kwa wiki tatu sitakimaliza kwa maisha yaliyobaki, hilo nimelikubali. Mwikali aliandika insha upya. Safari hii hakuongoza darasa, lakini mwalimu alimwita ofisini, wakaongea saa nzima.

Mkiingia kazi hii, na naona wengi mnaitamani, bomoeni siku ya mwisho. Lori likikosekana, bomoeni kwa mikono. Mkiambiwa na mwenyeji kwamba haikuwa hivyo, andikeni jina lake na alichosema, hata kama mwongozaji hataki, maana mwongozaji ataondoka na filamu itakaa. Na sanduku la mpagazi litiwe kitu ndani.

Sasa turudi Jumamosi alasiri.

Mzee Parsaloi tulimkuta anafungua zizi la ndama. Alinisalimu, "Takwenya," nikaitika, "Iko," kama nilivyofunzwa na majirani zangu wa Kitengela. Sanaipei akamweleza kwa Kimaasai, kwa urefu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akafunga zizi, akasema kwa Kiswahili, "Miaka hii yote mnapita hapa na magari. Hakuna mtu aliuliza."

"Mzee, hatukujua kuna kitu," nikasema.

"Sanaipei anajua."

Binti akainamisha uso. "Najua jina tu," akasema. "Kwa Manzi. Tulikuwa tunacheka nalo shuleni. Ningewaambiaje wageni twende Kwa Manzi?"

Najua na ninyi mmecheka. Kwenu manzi ni msichana. Nami nilipolisikia nilishtuka, ila kwa sababu nyingine, na nikanyamaza kwanza nisikie.

Mzee alitupeleka kwenye kijito. Kando ya njia ya ng'ombe kulikuwa na rundo la mawe, lafika kiunoni, mengine yameota nyasi, mengine bado yana vumbi la jana. Hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Mzee akaokota jiwe, akaliweka juu, nasi tukafanya hivyo hivyo.

"Huyu hakuwa mtu wetu," akasema. "Alikuwa wa wale wanabeba. Wenzake walimwacha hapa, tumbo linatoka damu. Mama ya mama yangu alikuwa ameolewa tu juzi, akamkuta akija kuteka maji. Hawakusikilizana lugha. Kitu alijua kusema ni jina lake. Alisema Manzi, akijishika hapa." Mzee akajishika koo. "Manzi, Manzi. Basi wakamwita hivyo. Alikaa siku mbili. Siku zile watu wengi hawakuzikwa, waliachwa kwa nyasi. Huyu wakamwekea mawe. Walisema amekufa mbali na kwao, lakini jina lake tuko nalo."

Kiilu alinitazama, nami nikamtazama. Sisi wote wawili ni Wakamba. Alikuwa ananiachia mimi niseme.

"Mzee," nikasema, "hilo si jina. Hiyo ni lugha yetu. Manzi ni maji."

Hakunielewa mara moja. Kisha niliona ameelewa, kwa sababu aliacha kunitazama mimi, akatazama kijito.

"Alikuwa anaomba maji," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

 Sanaipei alikuwa ameshika simu kurekodi, akaishusha.

"Walimpa maziwa," Mzee Parsaloi akasema mwishowe. "Mama alisema hivyo. Walimpa maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibu, kwa sababu hawezi kupewa maji matupu mtu mgonjwa. Walimpa kitu kizuri walikuwa nacho."

"Alikunywa?" Kiilu akauliza.

"Alikunywa. Halafu akasema tena, Manzi. Na wao wakamjibu, ndiyo, Manzi, tumesikia."

Sanaipei akauliza kwa sauti ya chini kama sasa mahali pale paitwe vingine. Mzee akakataa. Alisema watu wa hapo wamemwita hivyo tangu siku ile, na hakuna jina lingine la kumpa. Kisha akanyoosha mkono, akamwomba Sanaipei ile chupa ya maji aliyobebea wageni. Akaifungua, akamwaga juu ya mawe, polepole, akizunguka rundo lote mpaka chupa ikaisha, kisha akairudishia kifuniko na kumpa.